Kura Yangu Ilipotelea Wapi?

Wadau, jana hapa Mkunguni mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, chuo uliachia nini?" Nikamjibu, karo. Ni kweli, lakini si yote. Chuo chenyewe sikitaji. Nilikaa mwaka na nusu na rais wa wanafunzi sikuwahi kumpigia kura. Karo iliponikaba, sikujua nimwendee nani.

Nilidhani mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Kumbe wapi!

Januari 1969 serikali ilimzuia Oginga Odinga kuhutubia wanafunzi Nairobi. Wakagoma kuingia darasani, chuo kikafungwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, kilifungwa zaidi ya mwaka mzima. Titus Adungosi, mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi, alihukumiwa miaka 10. Alifia gerezani 1988. Mwenyekiti mwingine, Wafula Buke, naye alifungwa. Hawa walikuwa vijana wa rika letu, wadau.

Sasa shika hili: kwa miaka mingi Chansela wa vyuo vya umma alikuwa Rais wa nchi mwenyewe. Yaani ukigombana na chuo, umegombana na Ikulu. Kibaki alipoingia akakiachia kile kiti, na mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata Chansela asiye Rais, Joe Wanjui. Juu pakalegezwa.

Halafu chini pakakazwa. Aprili 2016 kulizuka fujo Nairobi baada ya uchaguzi wa wanafunzi, chuo kikafungwa tena. Mwisho wa mwaka huohuo sheria ikabadilishwa: wewe unachagua mjumbe, na wajumbe ndio wanaochagua viongozi. Walioitetea walisema itapunguza vurugu na ukabila. Sawa, vurugu zilikuwepo, wala sitetei mtu kuchoma mali. Lakini hebu jiulize, lipi rahisi: kuwaweka mfukoni wajumbe wachache, au wanafunzi maelfu?

Sisemi kura ingenilipia karo. Nasema ningekuwa na mlango wa kubisha.

Mdogo wangu akijaliwa atapanda boti kwenda Mokowe, kisha basi la kwenda chuo. Karo tutachanga. Nimemwambia jambo moja tu: ukifika, kabla hujajua kantini iko wapi, mjue mjumbe wako ni nani. Akikukimbia, mfuate.