Sonona si uvivu: Yanayojiri ndani ya ubongo wa mgonjwa

MFANYAKAZI hodari anapoanza kusahau maagizo, kusoma barua moja mara tatu bila kuielewa na kushindwa kuamua jambo dogo, wenzake husema amezembea. Mwanafunzi akianguka mtihani ghafla, huambiwa hatii bidii. Ni wachache wanaofikiria kwamba huenda anaugua.

Sonona, ambayo wengi huiita msongo wa mawazo, si huzuni ya siku mbili tatu. Madaktari huitambua pale mtu anapokuwa na huzuni, au kukosa hamu ya mambo yaliyomfurahisha, karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili. Dalili hizo huandamana na nyingine kama vile kukosa usingizi, uchovu, kujilaumu na kuwazia kifo. Kupungua kwa uwezo wa kufikiri, kumakinika na kufanya uamuzi ni mojawapo ya dalili rasmi za maradhi haya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 280 wanayaugua.

Uchunguzi wa utendaji wa ubongo wa binadamu aliye hai ulipiga hatua mwaka 1924, pale daktari Mjerumani, Hans Berger, aliponasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya umeme yatokayo kwenye ubongo kupitia kichwani. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, mashine za sumaku zimewawezesha wanasayansi kuona ni sehemu zipi zinazopokea damu zaidi mtu anapofikiri au anapopumzika.

Mwaka 2001, Mmarekani Marcus Raichle na wenzake walieleza kuhusu sehemu kadhaa za ubongo ambazo hushughulika zaidi mtu asipokuwa na kazi maalumu, akili yake inapozurura na kujitafakari. Tafiti nyingi zimeuhusisha mtandao huu na tabia ya wagonjwa wa sonona ya kurudia-rudia mawazo yale yale ya kujilaumu. Nchini Zimbabwe, Washona wana neno la hali inayokaribiana na hiyo: kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi.

Sehemu nyingine ni amigdala, ambayo hushughulikia hofu na hisia kali. Katika tafiti kadhaa, amigdala za wagonjwa zilisisimka zaidi walipoonyeshwa nyuso zenye huzuni, ilhali sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kupanga mambo na kutuliza hisia, ilionyesha udhaifu. Daktari Helen Mayberg naye aligundua kuwa eneo dogo lililo ndani katikati ya ubongo, linaloitwa eneo la 25, lilishughulika kupita kiasi. Mwaka 2005, yeye na wenzake mjini Toronto walichapisha matokeo ya kulisisimua eneo hilo kwa umeme katika wagonjwa sita ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Wanne kati yao walipata nafuu iliyodumu.

Je, kumbukumbu huathirika vipi? Mwaka 1986, watafiti wa Uingereza, Mark Williams na Keith Broadbent, waliwachunguza watu waliokuwa wamejaribu kujiua. Walipoombwa kukumbuka tukio mahususi la maisha yao, wengi walitoa majibu ya jumla tu. Mtu asiyekumbuka waziwazi siku aliyofurahi hupata taabu kuamini kwamba furaha inaweza kurejea.

Aidha, uchanganuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba udhaifu wa umakini na wa kupanga mambo unaweza kuendelea hata baada ya huzuni kupungua. Kwa hivyo, mwajiri anayemwona mfanyakazi akicheka tena asidhani kuwa amepona kabisa.

Hata hivyo, matokeo haya yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Mwaka 2015, watafiti wa mataifa mbalimbali walilinganisha picha za ubongo za wagonjwa 1,728 na za watu 7,199 wasiougua. Hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa ndogo kidogo kwa wagonjwa. Lakini hiyo ilikuwa tofauti ya wastani wa makundi. Haiwezi kutumiwa kumtambua mgonjwa mmoja mmoja.

Hadi sasa hakuna picha ya ubongo inayotosha kuthibitisha sonona. Daktari huitambua kwa kumhoji mgonjwa na kumsikiliza. Anaweza pia kuagiza vipimo ili kuhakikisha kuwa chanzo si maradhi mengine, kama vile upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo.

Habari njema ni kwamba sonona inatibika. Kuna dawa, ushauri nasaha, na tiba ya kusisimua ubongo kwa sumaku iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008. Si lazima msaada uwe wa gharama kubwa. Jijini Harare, nyanya waliofunzwa chini ya mpango wa daktari Dixon Chibanda huwashauri wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliohusisha watu 573, na kuchapishwa mwaka 2016, ulithibitisha kuwa mpango huo ulipunguza dalili.

Nchini Kenya, mtazamo wa sheria pia umebadilika. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Waliokuwa wakipelekwa korokoroni walistahili kupelekwa hospitalini.

Jamaa anayeona mwenzake amebadilika hapaswi kumwambia ajikaze. Amwulize kwa upole anavyojihisi, amsikilize bila kumhukumu na aandamane naye hadi kituo cha afya. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo.