Je, wazimu waweza kuzuiwa kwa dawa?

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Neno hili latufaa katika nyumba, katika shamba, hata katika malezi ya watoto. Je, latufaa na katika ugonjwa wa akili? Tukimwona kijana ambaye akili yake imeanza kuyumba kidogo, yafaa kumpa dawa kabla hajawa mwenda wazimu? Waganga wa hospitali wamebishana sana juu ya swali hili. Basi tutazame mambo matatu yaliyopita, tuone faida ya dawa ya namna hii na hatari yake.

1. Wazimu wa kaswende

Mwaka 1822 mganga Mfaransa, Antoine Bayle, alieleza ugonjwa mmoja ulioonekana sana katika nyumba za wenda wazimu za Ulaya. Mara nyingi mgonjwa alianza kwa kujivuna, akijidai tajiri au mfalme. Halafu ulimi ukawa mzito, miguu ikalegea, akili ikapotea, na baada ya miaka michache akafa. Watu walibishana juu ya chanzo chake: wengine walisema pombe, wengine ukoo mbaya.

Mwaka 1905 Schaudinn na Hoffmann waliona kijidudu cha kaswende huko Berlin. Mwaka 1913 Noguchi na Moore walikikuta kijidudu kile kile ndani ya ubongo wa watu waliokufa kwa wazimu huo. Hapo jambo likawa wazi. Mtu alipata kaswende katika ujana wake, akadhani amepona. Kumbe ugonjwa ulikuwa ukiharibu ubongo wake polepole, kwa miaka kumi, ishirini au zaidi.

Mwaka 1917 Wagner-Jauregg wa Vienna aliwaambukiza wagonjwa hao malaria, kusudi homa kali iwasaidie. Wengine walipata nafuu, wengine walikufa. Naye akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1927. Lakini ushindi wenyewe ulianza mwaka 1943, Mahoney wa Marekani alipoonyesha kwamba penisilini yaponya kaswende. Tangu hapo mtu apimwaye damu na kuchomwa sindano mapema huokoka na wazimu ule. Kwa nini dawa ilishinda hapa? Kwa sababu chanzo chajulikana, na damu yaonyesha ni nani aliye na ugonjwa.

2. Malale katika Kongo

Mwaka 1903 Castellani, akiwa Entebbe katika Uganda, alikuta kijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa malale. Sisi wa Kongo twaujua sana ugonjwa huu wa mbung'o. Kwanza kijidudu hukaa katika damu, baadaye huingia ubongoni. Hapo mtu hubadilika tabia, husinzia mchana na kukesha usiku, hukasirika bure, hunena maneno yasiyo na maana. Jamaa hudhani amerogwa au amepagawa. Lakini akitibiwa kabla kijidudu hakijafika ubongoni, akili yake husalimika.

Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Wabeleji ilitaka kwenda mbele zaidi. Si wagonjwa tu, hata wazima walipangwa mstari, kijiji kwa kijiji, wakachomwa sindano ya Lomidine kuzuia malale. Wafaransa walifanya vivyo hivyo katika nchi walizozitawala. Basi, mwaka 1954, upande wa Yokadouma katika Kamerun, sindano hizo zilileta donda lililooza nyama, na watu wakafa. Watu hao hawakuja kutafuta dawa kwa maumivu yao; waliitwa, wakatii, wakachomwa.

Malale imepungua sana, hasa kwa kazi ya kuwapima watu vijijini na kuwatibu wale walioambukizwa. Mwaka 1998 waliandikwa wagonjwa karibu 40,000 katika Afrika. Mwaka 2018 hawakufika 1,000. Tena mwaka 2018 vidonge vya feksinidazoli vilikubaliwa katika Kongo, na wagonjwa wengi hawahitaji tena sindano.

3. Vijana wa Melbourne

Sasa tuje kwenye wazimu ambao chanzo chake hakijulikani vema, ule uitwao skizofrenia. Mwaka 1952 Delay na Deniker wa Paris walionyesha kwamba klopromazini hutuliza wagonjwa hao. Ikawa furaha kubwa. Lakini dawa hiyo ilitolewa baada ya ugonjwa kuanza. Je, kabla?

Mganga Patrick McGorry wa Melbourne, katika Australia, alijaribu. Aliwachagua vijana 59 waliokuwa na dalili ndogo: kusikia sauti mara moja moja, kuwashuku watu, kushindwa masomo. Vijana 31 walipewa risperidoni kidogo pamoja na mazungumzo ya kutibu akili. 28 walipata msaada wa kawaida. Habari zilitangazwa mwaka 2002. Baada ya miezi sita, 3 wa kundi la kwanza walikuwa wameingia katika wazimu, na 10 wa kundi la pili. Lakini dawa ilipokwisha, wengine 3 wa kundi la kwanza waliugua. Yaonekana dawa iliahirisha ugonjwa, haikuuondoa.

Mwaka 2006 McGlashan wa Marekani alitangaza jaribio la olanzapini. Waliopewa dawa waliugua wachache zaidi, lakini hesabu haikutosha kuleta hakika. Tena waliongezeka uzito karibu kilo 9 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2010, Amminger wa Vienna alitumia mafuta ya samaki, na watu wakatumaini sana. Jaribio kubwa zaidi, la watu 304, lililotangazwa mwaka 2017, halikuona faida yoyote.

Na neno zito ni hili: wengi wa vijana wenye dalili hizo hawafiki kwenye wazimu hata baada ya miaka mitatu. Ukiwapa wote dawa, wengi watabeba uchungu wake bure. Kwa hiyo mwaka 2014 wakubwa wa afya wa Uingereza waliwaagiza waganga wasitoe dawa hizo kwa kuzuia tu, bali watoe mazungumzo ya kutibu akili na msaada kwa jamaa.

Mambo haya yatufundisha nini? Chanzo kikijulikana na kipimo kikiwapo, tusichelewe: tupime damu, tukubali dawa. Chanzo kisipojulikana, tusikimbilie sindano, wala tusikae bure. Kijana akianza kujitenga, kukosa usingizi na kusikia sauti, tusimfunge kamba wala tusimwite mchawi. Tumzuie bangi, tukae naye, tumsikilize, tumpeleke mapema kwa waganga. Na akiwa ameugua kweli, dawa si aibu. Aimeze kama alivyoagizwa. Ufa huzibwa, lakini kwanza lazima tuutazame vema, tusije tukabomoa ukuta ulio mzima.