Kutoka Kasri Hadi Hoteli: Hatima ya Nyumba za Kifalme za Zanzibar na Somo kwa Arusha

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Watalii wengi wanaomaliza safari za hifadhini kupitia Arusha huelekea Zanzibar, na baadhi yao hulala katika nyumba inayotajwa kujengwa mwaka 1860 kwa ajili ya Sayyida Kholle, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Nyumba hiyo iliyopo Malindi, Mji Mkongwe, leo ni hoteli ndogo ya kifahari yenye jina lake, Kholle House.

Makala haya yanaeleza jinsi majengo ya kifalme yanavyopewa matumizi mapya, masharti yanayopaswa kuzingatiwa, na sababu ya suala hilo kuwahusu pia wakazi wa Arusha.

Hatima tatu za majengo ya kifalme

Sayyida Kholle alikuwa dada wa Sayyida Salme kwa baba. Mwaka 1859 wote wawili walimuunga mkono ndugu yao Barghash katika jaribio lililoshindwa la kumwondoa madarakani Sultan Majid. Nyumba ya Kholle imebaki imara kwa kuwa ina watu ndani yake na mapato ya kuitunza.

Majengo mengine hayakupata bahati hiyo. Kasri la Mtoni, alikozaliwa Salme mwaka 1844, ni magofu. Kasri la Maruhubi, lililojengwa na Sultan Barghash, liliungua mwaka 1899 na sasa zimesalia nguzo na mabafu yake.

Hatima ya tatu ni makumbusho. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883, ilinusurika mashambulizi ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896, na baadaye ikawa makumbusho. Hata hivyo, Desemba 25, 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili walipoteza maisha. Tukio hilo linaonesha kuwa hadhi ya jengo pekee haitoshi kulilinda. Matengenezo ya mara kwa mara ndiyo yanayolibakiza.

Kwa nini majengo haya hudhoofika

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji hupenya ukutani, boriti huoza na dari huanguka. Saruji ikitumika kuziba nyufa huzuia ukuta kupumua na kufungia unyevu ndani, hivyo mafundi wa uhifadhi hutumia chokaa.

Matumizi ya hoteli yana faida na hatari zake. Faida ni kwamba mapato ya vyumba hugharimia matengenezo. Hatari ni kuwa kila chumba huhitaji bafu na mabomba, na maji hufikishwa kwenye kuta ambazo hazikujengwa kwa ajili hiyo. Aidha, shinikizo la kuongeza vyumba huweza kubadili sura ya jengo na mtaa.

Mfano ni Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 lililopo Shangani. Ingawa halikuwa kasri la Sultan, ni miongoni mwa majengo mashuhuri ya Mji Mkongwe. Lilifunguliwa kama hoteli ya kimataifa mwaka 2015, na jengo jipya lililoongezwa pembeni lilizua maswali katika Kamati ya Urithi wa Dunia. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mabadiliko ya majengo yake husimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Uzoefu wa nje ya nchi unaonesha kuwa upo uwezekano wa kusawazisha maslahi hayo. Kasri la Umaid Bhawan mjini Jodhpur, India, lililokamilika mwaka 1943, limegawanywa katika sehemu tatu: makazi ya familia ya kifalme, hoteli na makumbusho yanayopokea wananchi.

Somo kwa Arusha

Arusha haina kasri la Sultan, lakini ina majengo yenye thamani ya kihistoria. Boma la Mjerumani, lililojengwa mwaka 1900, ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Jirani na Ngarenaro, katika eneo la Kaloleni, yapo Makumbusho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Mwananchi anapaswa kufahamu kuwa Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, inayotumika Tanzania Bara, hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo ya baada ya hapo, yakiwemo mengi ya Arusha, hulindwa iwapo Waziri mwenye dhamana atayatangaza. Zanzibar ina sheria zake.

Kwa hiyo, jengo la zamani linapopendekezwa kukodishwa kwa mwekezaji, maswali ya msingi ni manne: nani anabaki mmiliki, nani anawajibika kwa paa na kuta, ni mabadiliko gani yamekatazwa, na mwananchi asiye mgeni wa hoteli ataingia lini na kwa utaratibu gani. Majibu hayo yakiandikwa ndani ya mkataba kabla ya ukarabati kuanza, jengo hupata mtunzaji na umma hubaki na urithi wake.