Sado Haina Kilo

Ninauza mchele Kahama, na hakuna kero inayonichosha kuliko ubishi wa kipimo. Vumbi la malori ya Kigali nimelizoea. Umeme ukikatika, nina taa ya sola. Lakini mteja akisimama mbele ya meza, akatafuna punje mbili kujua kama mchele ni wa mwaka huu, kisha akaichukua sado yangu, akaipindua na kupapasa kitako akitafuta bonde, damu inanipanda. "Mayu, hii haijabonyezwa?" Haijabonyezwa. Iliyobonyezwa iko meza ya tatu kutoka hapa, na mwenye nayo ndiye anayejaza wateja, kwa kuwa bei yake iko chini kwa shilingi mia mbili.

Sado yenyewe haikuumbwa kupimia chakula. Ni kopo la rangi la lita 4. Watu wamepaka nyumba, kopo limebaki, na jina la rangi ya Sadolin limekatwa mkia. Debe nalo lilikuja vivyo hivyo enzi za mkoloni, likiwa limejaa mafuta ya taa, galoni 4 za Kiingereza, lita 18 na ushei, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yakaisha, bati likawa kipimo cha mahindi, chombo cha maji, hata paa la nyumba. Wakenya wakalichukua kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, wakaliita gorogoro. Soko la nafaka la Afrika Mashariki limesimama juu ya makopo yaliyotengenezwa kwa kazi nyingine, halafu tunashangaa watu wakigombana.

Kabla ya makopo kulikuwa na kibaba na pishi. Vibaba vinne pishi moja, pishi sita frasila. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, alieleza kwamba posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, yaani ratili moja na nusu, hazifiki gramu 700. Mwenzake Speke alipita upande wetu mwaka 1858 akielekea ziwani, na mzigo wa nguo za kulipia chakula na hongo njiani. Nguo nayo ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne shuka, minane doti. Mkono wa nani? Mwenye nguo angependa mkono wa mtoto, mwenye mtama angemwita ndugu yake mrefu kuliko wote. Leo kibaba kimebaki kwenye methali, na sijamwona mtu akigombana na methali.

Ugomvi mkubwa ulikuja na pamba. Marehemu baba aliilima tangu enzi za Mwingereza, na alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kila msimu: mnunuzi mmoja ambaye mizani yake ilikuwa chini ya kibanda chenye giza, na mkulima haruhusiwi kupita kamba. Unapeleka mzigo ulioupima nyumbani kwa jirani mwenye mizani, unafika pale umepungua kama vile ng'ombe wameula njiani. Ukiuliza, unaambiwa pamba imekauka. Ukiuliza tena, unaambiwa rudi nayo nyumbani. Nani arudi nayo, na ameibeba kichwani tangu alfajiri?

Baba hakuwa peke yake. Pamba ya Kanda ya Ziwa ilinunuliwa na wenye majineri na mawakala wao, wengi wao Wahindi, na kilio cha mizani kilikuwa kila kituo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Usukuma walikuwa wameanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, watu wa kusimama pale na kuangalia tu mshale unaishia wapi. Naona ni kitendo kikubwa kuliko hotuba nyingi zilizofuata. Hawakuomba bei ipande, waliomba kuuona mshale. Mwaka 1952 wakaunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa chini ya Paul Bomani, na mwaka 1955 ukasajiliwa muungano wa vyama vya ushirika, Victoria Federation, ambao baadaye ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. TANU ilipozuiwa Usukuma kati ya 1954 na 1958, watu wa pamba walikuwa bado wana mahali pa kukutana. Bomani mwenyewe mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Fedha. Yote hayo yalianza na mshale wa mizani.

Mizani ilipohamia kwa chama, malalamiko nayo yakahama. Sasa alalamikiwaye alikuwa karani wetu wenyewe, mtoto wa shangazi, anayetuamkia "mwangaluka" na huku kidole kiko kwenye sahani. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika, na ikakuta wizi na uzembe kila kona. Mwaka 1976 vyama vikafutwa kabisa, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha. Baba alilima pamba chini ya Mhindi, chini ya chama, chini ya mamlaka ya serikali, na tena chini ya chama. Alikuwa akisema kilichobadilika ni rangi ya kofia.

Lumbesa sitaielezea sana, kila mkulima anaijua. Gunia linashonwa likiwa na kilemba juu, kamba imevutwa hadi inalia, gunia la debe sita linabeba saba na zaidi, na bei ni ya gunia. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo, kikomo cha kilo 100 kipo, Wakala wa Vipimo wapo, na kila mwaka kiongozi fulani anasimama jukwaani kupiga marufuku. Mnunuzi anakuja na magunia yake. Huo ndio ujanja wote: anayekuja na chombo ndiye mwenye kipimo.

Sasa ukitoka kwenye mchele ukaenda Mwime au Kakola, utakuta ubishi uleule umevaa kofia ya mgodini. Mdogo wangu ni mchimbaji. Akitoa mawe kwenye duara, yaani shimo la mgodi, anagawana kwa viroba: mwenye duara viroba vyake, wachimbaji vyao. Anapeleka karashani, yanasagwa, yanaoshwa kwenye mwalo, yanakamatwa kwa zebaki, na anapata pointi zake chache. Pointi kumi ndiyo gramu. Udongo uliobaki, marudio, unabaki kwa mwenye karasha, ndivyo desturi. Ila zebaki haikamati dhahabu yote, na iliyobaki si haba. Mwenye karasha anayakusanya marudio, yanapelekwa kwenye plenti, yanalowekwa kwa sayanaidi, na dhahabu inatoka tena, safari hii bila aliyeshuka shimoni. Nikimuuliza mdogo wangu kwa nini anakubali, ananijibu: "Dada, wewe pumba za mpunga wako unazidai mashineni?" Siku hizi nazidai.

Kwa hiyo mwaka 2017 nchi nzima ilipoanza kuzungumzia makinikia, sisi wa Kahama tuliona jambo la nyumbani. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ilikuwa inasafirisha nje mchanga wenye shaba, fedha na dhahabu ndani yake, ukayeyushwe huko. Machi 2017 serikali ikazuia, na makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Mei, kamati ya Profesa Mruma ikasema ndani yake kuna dhahabu tani 7.8, nyaraka zilionesha 1.2. Kampuni ya Acacia ikakataa hesabu hiyo. Sokoni hapa watu waliokuwa hawajawahi kuligusa kontena walikuwa na uhakika wa gramu, na mteja akikuta jiwe kwenye mchele wangu alisema nimemuuzia makinikia.

Julai ikaja hati ya madai ya kodi ya dola bilioni 190, namba ambayo sisi wa sado hatuna chombo cha kuipimia. Ubishi haukumalizwa na mizani, ulimalizwa na mkataba: Barrick waliinunua Acacia yote mwaka 2019, Januari 2020 wakatiliana saini na serikali, dola milioni 300 za fidia na kampuni ya Twiga ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Wakala uliokuwa ukikagua madini ulikuwa umeshavunjwa, ikaundwa Tume ya Madini. Mwaka 2019 yakaanza masoko ya madini, Geita kisha kwetu, na mdogo wangu sasa anauza mahali penye mizani inayoonekana na mashine ya kupima usafi, anakatwa mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Ananung'unikia makato. Mizani haisemi vibaya. Marudio bado yanabaki karashani.

Nami nikaona nijaribu. Nilinunua mizani ya kidijitali, nikaiweka mezani, namba nyekundu zikitazama mteja, na sado nikaificha chini ya meza. Wiki ile nilikaa kama mlinzi wa benki. Wanawake walikuwa wakiangalia namba, wanaangalia mchele, wanangoja. Nilikuwa nimesahau kwamba sado ina mlima: ukishaijaza, unamwagia juu hadi inamwagika pembeni, na baada ya hapo kuna konzi ya nyongeza ambayo ukiinyima umemtukana mtu. Kilo haina mlima. Ninayemnunulia mpunga napima kwa mizani, kwa sababu yeye mwenyewe anaidai. Ninayemuuzia mchele anadai kopo. Mama mmoja wa Nyihogo, mteja wangu wa siku nyingi, aliitazama namba ikisimama kwenye 2.00 kamili, akaniambia: "Sawa, hiyo ni ya serikali. Sasa nipe ya kwako."