Fremu Nzito, Njia Ndefu

Vijana wenzangu wakiona baiskeli ya milimani yenye gia, hudhani kuendesha porini tumefundishwa na Wazungu. Mimi nabisha. Miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, waliteremka milima kwa fremu kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940: chuma kizito, tairi nene. Mwaka 1981 ndipo Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper.

Sasa njoo kwetu Shinyanga. Phoenix ya Shanghai, chuma kitupu, gia moja, tairi za inchi 28, imebeba pamba, maji, mkaa na abiria. Kule Geita imebeba viroba vya mawe ya dhahabu. Wale waliteremka kwa starehe. Sisi tulipanda na mzigo. Ndiyo maana fundi wetu haulizi fremu ina kilo ngapi, anauliza keria itabeba nini. Na tope jeusi la mbugani likijaa kwenye madigadi, tairi nene ndiyo hukwama kwanza!

Hiyo nayo ni historia, bwana. Tuiandike wenyewe, kabla bodaboda hazijaifuta.