Jina la Herman

Jina Hermann ni la Kidachi cha kale, na maana yake ni mtu wa jeshi. Mwaka 1889 lilifika pwani yetu pamoja na silaha, Hermann von Wissmann alipokuja kupigana na Abushiri. Meli ya Wadachi katika Ziwa Nyasa nayo ikapewa jina lake. Waingereza waliishambulia Agosti 1914.

Lakini Morogoro ililijua jina hilo kwa namna nyingine. Herman Jan van Elswijk, Mholanzi, alikuwa askofu wetu tangu 1954 hata 1966, naye alishika fimbo ya mchungaji, si upanga.

Basi, enyi walimu, watoto wakiuliza maana ya majina yao ya ubatizo, waambieni: maana twairithi, bali sifa huletwa na matendo.