Mark Four: Bunduki Kuukuu na Mikono Iliyoitunza

Nyuma ya kibanda cha chai, hatua chache kutoka Barabara ya Komarock, mzee mmoja jirani yangu hapa Mowlem, Eastlands ya Nairobi, alinionyesha jinsi bunduki inavyosafishwa. Hakuwa na bunduki. Yake aliirudisha ghalani siku aliyostaafu katika polisi wa utawala, na tangu hapo hajashika nyingine. Alichukua kalamu iliyokwisha wino, akatoa mrija wa ndani, likabaki ganda tupu. Hilo likawa mtutu. Akafunga kipande cha kitambaa kwenye ncha ya uzi, akaupenyeza uzi upande wa nyuma, akauvuta mbele kwa mkupuo mmoja.

"Usisimame katikati, kijana wangu," akaniambia. "Ukisimama kitambaa kinakwama, na hapo koplo atakuita jina."

Kisha akaielekeza kalamu juani, akafumba jicho moja, akachungulia. Alichungulia muda mrefu.

Bunduki aliyokuwa akiikumbuka ndiyo Wakenya wa rika lake huiita Mark Four. Kwa hesabu za kiwandani ni Lee-Enfield Namba 4, Mark 1. Sisi tukayaunganisha mawili, jina likashika. Hubeba risasi 10 za inchi .303, na baada ya kila mlio ni lazima mkono uinue komeo, ulivute nyuma, ulisukume mbele tena. Ina uzito wa kilo 4 na ushei. Iliundwa kwa wingi ili Uingereza ipigane na Hitler, na vita vilipokwisha ikawa mali ya ziada: zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 4, nyingi hazikuwa na wa kuzibeba, na bei yake ikashuka. Huko Marekani na Uingereza raia walizinunua kwa fedha kidogo, wakazikata mbao, wakazifanya bunduki za kuwindia. Kiwanda cha Parker-Hale cha Birmingham kilifanya biashara hiyo kwa miaka mingi: kuchukua bunduki ya jeshi, kuipunguza uzito, kuivalisha kitako kipya na kuiuza upya. Huku kwetu ilibaki na vazi lake la kijeshi, ikakabidhiwa askari wa mshahara mdogo aliyetumwa mbali na mji.

Naandika habari zake kwa sababu hiyo. Kwa zaidi ya karne moja silaha nyingi zilizofika Afrika Mashariki zilikuwa zimekwisha kuvuliwa na majeshi ya wengine. Aliyezifanya zifae tena, mvua na jua, ni askari Mwafrika mwenye kamba, kitambaa na maji ya moto. Majenerali wameandikiwa vitabu. Huyu hajaandikiwa.

Hadithi inaanzia Unguja. Katikati ya karne ya 19 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindiliwa baruti mdomoni, yakachukua za kupakiwa nyuma. Zile kuukuu zikauzwa kwa marobota, zikavuka bahari, zikapanda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Watu wakaziita magobori. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kwa mwaka kupitia soko hilo. Miaka miwili baadaye, kwa Mkataba wa Brussels wa 1890, mataifa ya Ulaya yakakubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiwafikie Waafrika. Nia iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Wakati huohuo mataifa hayo yalikuwa yanaligawana bara, na mtu mwenye gobori ni mwepesi kutawaliwa kuliko mwenye bunduki ya komeo. Mimi naamini hesabu hiyo waliipiga.

Hata ile iliyotolewa kwa urafiki ilikuwa ya mitumba. Mwaka 1877 Luteni Lloyd Mathews alianza kumwundia Sultani Barghash jeshi la kisasa, na Serikali ya Uingereza ikamsaidia Sultani kwa bunduki 500 aina ya Snider. Snider yenyewe ilikuwa ukarabati. Waingereza walikuwa na maghala yaliyojaa bunduki za mwaka 1853 za kushindilia. Mwaka 1866 wakaamua kukata sehemu ya nyuma ya mtutu na kuweka kifuniko cha kufunguka ubavuni, ili askari apakie risasi bila kusimama na kushindilia. Gharama ilikuwa ndogo kuliko kuunda mpya. Lakini tangu 1871 jeshi lao lilikuwa limekwisha kuchagua Martini-Henry, kwa hiyo zawadi ya Barghash ilikuwa chuma cha zamani kilichotiwa kiraka na kuachwa na wenyewe.

Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyoonyesha thamani ya usafi. Wajerumani wa Tanganyika waliingia vitani mwaka 1914 huku askari wao wengi wakibeba Mauser ya mwaka 1871, inayotumia baruti nyeusi. Ukipiga mara moja, wingu la moshi linakusimamia kichwani na adui anajua ulipo. Novemba mwaka huo, Waingereza waliposhindwa vibaya Tanga, waliacha ufuoni bunduki 455, bombom 16 na zaidi ya risasi nusu milioni. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akazigawa kwa kombania zake, moshi ukapungua.

Kisha ikaja meli Rubens, iliyosafiri ikijifanya meli ya Denmark. Tarehe 14 Aprili 1915 iliingia Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikifuatwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Nahodha akaiacha izame kwenye maji mafupi, ikawaka moto juu, Waingereza wakaondoka wakiamini shehena yote imeteketea. Haikuteketea. Bunduki mpya kwa mamia na risasi kwa mamilioni ziliopolewa, ila risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Hapo ndipo kazi ilipoanza: risasi zikafunguliwa, baruti ikaanikwa, fataki zikakaguliwa, zikafungwa upya. Zilizokuwa na shaka zikatengwa kwa mafunzo. Jeshi hilo lilipigana hadi Novemba 1918. Nikisoma habari za ujanja wa Lettow-Vorbeck msituni, huwa nawaza vidole vilivyopangusa chumvi kwenye risasi moja moja.

Na chumvi ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Watu wengi hudhani bunduki huharibiwa na baruti. Kwa risasi za .303 za zamani adui mkubwa alikuwa fataki, ile punje ndogo kwenye kitako cha risasi inayowasha baruti. Ilipolipuka iliacha ndani ya mtutu chumvi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya jikoni. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na kufikia asubuhi mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi ili iende sawa, imeanza kuota kutu. Askari mgeni alikuwa akipaka mafuta tu na kulala. Mafuta hayaondoi chumvi. Huifunika, nayo ikaendelea kula chuma chini kwa chini.

Mzee wangu alinifafanulia kwa mfano wa sufuria. "Sufuria yenye chumvi utaiosha kwa mafuta?" Kwanza ni maji yanayochemka, yanayomiminwa kwa faneli upande wa nyuma yatoke mdomoni. Maji huyeyusha chumvi, na moto wake huupasha mtutu ukauke upesi. Halafu vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka kitoke cheupe. Mafuta huja mwisho, tena kidogo. Vifaa vyote vilikaa ndani ya kitako, nyuma ya kifuniko kidogo cha chuma: chupa ya mafuta yenye kijiko chembamba kwenye kizibo, na kamba yenye uzito wa shaba upande mmoja na vitanzi vya kitambaa upande wa pili. Kitambaa kilikuwa cha inchi 4 kwa 2. Kikizidi hapo, kamba hukatikia ndani, na kuiondoa ni kazi ya fundi wa bunduki peke yake.

Mbao nazo zilidai haki yake. Zilisuguliwa kwa mafuta ya kitani, kwa kiganja cha mkono, hadi zikolee. Mbao iliyokauka hupasuka, na iliyovimba kwa mvua huusukuma mtutu kando, shabaha ikapotea.

Fikiria basi askari wa keya, yaani King's African Rifles, huko Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika yao, matope magotini, nguo hazikauki kwa majuma, mpaka ilipouvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Katika mvua ile bunduki isiyopanguswa jioni hukwama kesho yake. Vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walizitunza mahali ambapo hata kiberiti hakikuwaka. Sisi wa Eastlands tunaishi na majina ya vita hivyo bila kuyasikiliza: soko la nyama la Burma tunalopita tukienda mjini, na Kariokor, jina lililobaki kutokana na kambi ya wapagazi wa vita vya kwanza, Carrier Corps.

Waliorudi walinyang'anywa bunduki, ila ujuzi hauvuliwi. Waruhiu Itote alitumikia keya Burma. Dunia ikamjua baadaye kama Jenerali China wa Mlima Kenya. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau msituni walikuwa na bunduki chache za kiwandani, nyingi za kuteka, na nyingine za kujiundia ambazo ziliweza kumlipukia mshikaji. Katika hali hiyo bunduki moja ya .303 iliyotunzwa ilikuwa mali. Kwa upande wa pili Serikali ilikuwa nazo kwa maelfu, na Aprili 24, 1954, siku ya msako wa Operesheni Anvil, ndizo watu wa Eastlands walizoamkia mlangoni.

Viwandani nako ukarabati uliendelea. Bunduki zilizochoka vitani zilirudishwa Fazakerley, huko Liverpool, zikavuliwa kila kipande, zikapimwa, zikaungwa upya na kupigwa muhuri wa herufi FTR pamoja na mwaka. Namba 4 ilikuwa imepangwa kwa matengenezo ya aina hiyo: kichwa cha komeo hufunguka, na kilitengenezwa kwa vipimo vinne, kuanzia 0 hadi 3. Chuma kikilika na nafasi kupanuka, fundi huweka kichwa kirefu kidogo. Nyingine zilitengenezwa Long Branch, Kanada, na nyingine kwa Savage huko Marekani, zikiwa na maandishi ya mali ya Marekani ubavuni. Mzee anasema yake ilikuwa na maandishi hayo, na kwamba kwa miaka yote aliyoibeba aliyaona kama fumbo. Amerika na yeye katikati ya Turkana, wapi na wapi?

Ubora huo haukutosha daima. Richard Leakey alipokabidhiwa idara ya wanyamapori Aprili 1989, aliwakuta askari wa mbuga wakiwa na .303 za zamani mkononi huku majangili wakija na AK-47. Mmoja anavuta komeo, mwingine amekwisha kumimina risasi 30. Usafi wa mtutu hauzibi pengo la namna hiyo. Julai mwaka huo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya dunia nzima, na askari wa mbuga wakapewa silaha mpya. Kwa polisi akiba wa kaskazini Mark Four iliendelea kuonekana kwa miaka mingi, na huko pia walikabiliana na wezi wa mifugo wenye AK. Naliona hilo kuwa kosa kubwa la taifa. Kumtuma mtu alinde kijiji kwa silaha ya babu yake, kisha kumhesabia risasi, ni kumpunguzia thamani ya uhai wake.

Si kwamba bunduki yenyewe ni mbovu. Walinzi wa kaskazini mwa Kanada waliibeba tangu 1947 hadi miaka ya 2010, kwa sababu haisumbuliwi na baridi ya barafu. Lakini wao walikabili dubu.

Huko ng'ambo kufufua bunduki ya aina hii ni burudani ya Jumamosi kwa mwenye kibali. Kenya si hivyo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kwa kila bunduki, na kukarabati silaha ni kazi ya mwenye leseni. Novemba 2016 silaha haramu 5,250 zilichomwa moto Ngong, na serikali zimekuwa zikitoa msamaha kwa anayesalimisha yake kwa hiari.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji. Siku mtakapofungua stoo ya babu shambani mkakuta bomba la chuma lililofungwa kwenye gunia, msilisugue, msivute komeo, msilipeleke kwa fundi wa kuchomelea wa jua kali. Huenda kuna risasi ndani. Liacheni lilipo, mwiteni chifu au polisi. Lakini kabla hawajafika, kama babu bado yu hai, ketini naye mumwulize alilipata wapi, alilibeba wapi, na nani alimfundisha kulisafisha. Andikeni anavyosema. Chuma kitachomwa Ngong. Maneno yake hayana ghala jingine.